Mwenye Nyumba Iliyoanguka Si Ombaomba

Kuna kauli imezoeleka Kagera na nje ya Kagera, kiasi kwamba siku hizi inasemwa kama jambo lisilohitaji ushahidi: nyumba ya mtu ni mzigo wake mwenyewe. Ikiangushwa na tetemeko, mwenyewe ajikung'ute vumbi, ajijengee. Serikali itashughulika na shule, zahanati na barabara. Wasamaria wema wataleta blanketi na unga. Baada ya hapo kila mtu apambane na hali yake. Utaisikia Nshambya mjini Bukoba, utaisikia wilayani Muleba, utaisikia kwa viongozi, kwa waumini wanaotoka ibadani, hata kwa watu ambao kuta zao bado zina nyufa. Mimi nasema kauli hiyo ni potofu. Inapingana na sheria zetu, haina hesabu nzuri ya kiuchumi, na inamtesa mnyonge kuliko mwingine yeyote.

Tukumbushane kilichotokea. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Kitovu kilikuwa wilaya ya Missenyi, upande wa Nsunga, si mbali na mpaka wa Uganda. Watu 17 walipoteza maisha na zaidi ya 400 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine zaidi ya 14,000 zikabaki katika hali ya hatari. Mjini Bukoba, Hamugembe, Kashai, Nshambya na mitaa jirani ilijaa vifusi. Nayo ilikuwa Septemba, mvua za vuli ziko mlangoni, katika mji unaopata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka.

Anayesema "ajijengee" ajue kwanza maisha ya chini ya turubai. Kamba moja hufungwa kwenye mgomba, nyingine kwenye nondo ya dirisha la ukuta uliosalia, na ncha mbili za nyuma hugandamizwa kwa matofali yaliyotoka kwenye kifusi hichohicho. Mvua ikinyesha usiku, maji hujaa katikati ya turubai likalegea kama tumbo, na lazima mtu mmoja aamke kulisukuma kwa mti ili yamwagike nje kabla kamba hazijakatika. Mara nyingi anayeamka ni mama. Chini ni udongo. Godoro hukunjwa alfajiri lisilowe. Sare ya shule hufichwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Jikoni ni mafiga matatu upenuni, na kuni mbichi zinatoa moshi unaoingia moja kwa moja alipolala mtoto. Choo cha shimo nacho kilititia siku ileile, kwa hiyo kuna kuazima choo cha jirani saa nane za usiku. Maisha hayo hayakwisha kwa wiki mbili. Kwa wengi yalivuka mwaka mpya.

Januari 2017, Hayati Rais John Magufuli alipofika Bukoba, msimamo wa Serikali ulitamkwa wazi: Serikali haikuleta tetemeko, na haiwezi kumjengea nyumba kila aliyebomokewa, itakarabati taasisi za umma, wananchi wajenge nyumba zao. Tangu hapo maneno hayo yamekuwa ngao ya kila anayetaka kukwepa swali. Yanastahili kujibiwa hoja kwa hoja, kwa heshima na bila kuogopa.

Hoja ya kwanza ni kwamba Serikali haikuleta tetemeko. Ni kweli. Mwananchi naye hakulileta. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa hakuna aliyechuma janga. Serikali haileti kipindupindu wala haitumi nzige mashambani, na bado hakuna waziri wa afya aliyewahi kumwambia mgonjwa wa kipindupindu ajitibu kwa sababu Serikali haikumwambukiza. Wajibu wa dola kwa raia hautokani na hatia. Ibara ya 8 ya Katiba yetu inaweka ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali. Tena, mwaka mmoja tu kabla ya tetemeko, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 7 ya 2015. Baadaye ikaja Sheria Na. 6 ya 2022 kuhusu jambo hilohilo. Sheria za aina hii hutungwa kwa ajili ya kuzuia maafa, kujiandaa, kuokoa, na kuwarejesha watu katika hali yao. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kumrejesha mtu katika hali yake huku analala nje ni maneno matupu.

Kagera inalijua hili kwa historia yake yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia na kukalia ardhi yetu kutoka Mutukula hadi mto Kagera, maelfu ya wananchi wa Missenyi ya leo waliacha nyumba na migomba wakakimbilia kusini. Nani angethubutu kusimama mbele yao akasema Serikali haikumleta Amin, kwa hiyo kila mtu atafute pa kulala? Taifa zima lilibeba mzigo ule kwa sababu waliopigwa walikuwa raia wake. Ardhi ileile ndiyo iliyokuwa kitovu cha tetemeko la 2016, na watu ni walewale na watoto wao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ndiyo inayowanyamazisha wengi: Serikali haina uwezo wa kumjengea kila mtu nyumba. Tatizo ni kwamba inajibu ombi ambalo halikuwahi kutolewa. Hakuna mtu wa Nshambya aliyedai makandarasi waje wamjengee huku yeye amekunja mikono. Kati ya kumjengea kila mtu na kumwacha kila mtu, kuna njia pana ambayo nchi zisizo tajiri zimeipita.

Pakistan ilipigwa na tetemeko kubwa Oktoba 2005. Serikali yake haikujenga nyumba. Ilitoa ruzuku ya rupia 175,000 kwa kila nyumba iliyoanguka, ikaigawa kwa awamu. Mwananchi anapewa fungu la kuanzia, anajenga msingi, mkaguzi anakuja. Msingi ukiwa imara anapata fungu linalofuata kwa ajili ya kuta. Kuta zikiwa na mikanda ya kuzifunga anapata fungu la paa. Mafundi wa vijijini walifundishwa namna ya kujenga nyumba inayohimili mtikisiko. Nepal nayo, baada ya tetemeko la Aprili 2015, ilitoa rupia 300,000 za nchi hiyo kwa kila kaya iliyostahili, kwa awamu tatu, kwa utaratibu unaofanana na huo. Kule mwenye nyumba ndiye aliyejenga. Dola ilimshika mkono na kumkagua. Mamia ya maelfu ya nyumba yalisimama tena kwa njia hiyo.

Mtu atasema hayo ni ya ng'ambo. Basi turudi nyumbani. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yaliifunika Katesh na vijiji jirani, yakaua watu 89. Safari hii Serikali haikusema haikuleta tope. Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret, na waathirika wakakabidhiwa. Nawapongeza waliofanya hivyo, na nawafurahia ndugu zetu wa Hanang kwa dhati. Lakini siku nyumba zile zilipokabidhiwa, ile kauli kwamba Serikali haijengi nyumba za waathirika ilikufa rasmi. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini raia wa Katesh ana haki ambayo raia wa Hamugembe na Nshambya hakuwa nayo. Ikiwa jibu ni kwamba Hanang nyumba zilikuwa chache na Kagera zilikuwa maelfu, hiyo ni sababu ya kutumia ruzuku ya awamu pale penye maelfu. Haiwezi kuwa sababu ya kutoa sifuri. Haki haiwezi kutegemea ukarimu wa msimu.

Wapo wanaosema misaada inalemaza, inafundisha watu uvivu. Kwa wenyeji wa Bukoba na Muleba hii ni dharau. Nyumba zilizoanguka zilijengwa na nani kama si hao hao? Nyumba ya mtu wa kawaida huku hujengwa kwa miaka kumi na zaidi: msimu mmoja wa kahawa unanunua matofali, mwingine unaezeka chumba kimoja, mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam anatuma fedha ya saruji, kikundi cha kukopeshana kinamalizia milango. Akiba yote ya maisha iko kwenye zile kuta, maana hakuna bima na hakuna amana benki. Na akiba yenyewe ilikwisha kupungua kabla ya tetemeko, kwa sababu mnyauko wa migomba ulioripotiwa Muleba mwaka 2006 umekausha vibanja vingi, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vilivyokuwa vikilisha familia na kulipa ada. Kumwambia mtu huyo ajijengee upya, tena mara moja, mvua ikiwa juu yake, ni kumtaka arudie kwa miezi sita kazi iliyomchukua miaka kumi na tano.

Halafu kuna wale ambao hata kwa miaka kumi na tano hawawezi. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Janga lile lilichukua kizazi cha katikati, likaacha bibi na wajukuu. Nenda kwenye kibanja cha namna hiyo Muleba: bibi ana miaka sabini na tano, wajukuu watatu, mkubwa yuko darasa la sita. Nguvu kazi ya nyumba hiyo imelala makaburini, palepale kibanjani, nyuma ya migomba. Anayemwambia bibi huyu "chapa kazi" hajui anazungumza na nani.

Tena tuangalie alichojenga yule aliyeweza. Tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, plasta ya saruji kwa nje ili ipendeze, lenta juu ya mlango na dirisha tu, bila mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima. Gebo, ule ukuta wa pembetatu unaoshikilia paa, limesimama bila kufungwa na chochote. Nyumba ya namna hii ikitikiswa kwa 5.9, gebo ndilo linalotangulia kuanguka, na mara nyingi huangukia ndani. Mwananchi aliyeachwa peke yake alikusanya tofali zilezile kutoka kwenye kifusi, akaziunga kwa udongo uleule, kwa fundi yuleyule, kwa sababu ndicho alichokimudu. Leo ukipita utaona nyumba zimesimama, na wenye kauli yao watakuonyesha kwa kidole: si mnaona, wamejenga wenyewe! Wamejenga, ndiyo. Wamejenga mtego ambao tetemeko lijalo litaufyatua. Kagera iko kando ya Bonde la Ufa la Magharibi, na bonde hilo halijaacha kutikisika. Mifuko michache ya saruji, nondo za mkanda na mafunzo ya siku chache kwa mafundi vingeokoa roho za watu. Taifa liliokoa fedha hizo, na deni litalipwa na watoto wanaolala chini ya magebo hayo.

Kuna hoja ya kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya waathirika wa tetemeko zilielekezwa kwenye taasisi za umma kwa sababu huko zinafaidisha wengi. Sibezi shule. Sekondari ya Ihungo ilibomoka vibaya na ikajengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Ni shule kongwe, ni fahari yetu. Lakini Ihungo ni shule ya bweni inayopokea vijana kutoka pande zote za nchi. Ukarabati wake ni wajibu wa bajeti ya elimu ya taifa zima, tetemeko au bila tetemeko. Wananchi wa kawaida waliochanga shilingi elfu tano kwa simu, na marafiki wa nje walioleta fedha na vifaa, walichangia wakiwa na picha za mama aliyekaa juu ya kifusi cha nyumba yake. Baadhi ya kaya za wazee, wajane na wenye ulemavu zilipata mabati na saruji, na hilo lilikuwa jema. Lakini kaya nyingi ziliishia kwenye turubai, blanketi na mgawo wa chakula. Kuchukua mchango uliotolewa kwa jina la mtu mmoja na kuupeleka kwingine, hata kwenye jambo jema, kunavunja imani. Na imani ikivunjika, mchango ujao hautakuja.

Hapo ndipo wengine hudakia: fedha zikipewa watu zitaibwa, watu watadanganya kwamba wamebomokewa. Wizi ni hatari ya kweli. Lakini tukumbuke kwamba Septemba 2016, wiki chache tu baada ya tetemeko, Rais alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Tuhuma ile haikumhusu bibi wa kibanjani. Udanganyifu unazuilika kwa uwazi: orodha ya waliobomokewa ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kila jina na kiwango cha uharibifu, majirani waisome na kuipinga hadharani. Nshambya watu wanajuana. Hakuna atakayesema amebomokewa mbele ya jirani anayeiona nyumba yake imesimama.

Lakini upotofu mkubwa kuliko wote ni ule unaosema Tanzania haina wakimbizi wa ndani; kwamba hao wako Kongo na Sudan, sisi tuna "waathirika" tu wa kupewa blanketi. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998 zinamtambua aliyelazimika kuacha makazi yake kwa sababu ya maafa ya asili sawa na aliyekimbia vita, ilimradi hajavuka mpaka. Itifaki ya nchi za Maziwa Makuu ya 2006, iliyo sehemu ya mkataba ambao nchi yetu ni mwanachama wake, inasema hivyo pia. Tofauti ya jina hilo ni kubwa, kwa sababu anayetambuliwa kuwa mkimbizi wa ndani hadai makazi pekee. Anadai na ulinzi.

Chukua mpangaji. Nshambya na Kashai wamejaa wapangaji: wauza samaki, mafundi cherehani, walimu wa shule za awali. Nyumba ilipoanguka, orodha ya msaada ilimtafuta mwenye nyumba. Mpangaji aliyepoteza godoro, sufuria na kodi aliyolipa kwa miezi sita hana jengo la kuhakikiwa. Chukua mjane. Kibanja ni cha ukoo, na mila za Kihaya zilimtazama mwanamke kama mkaaji tu wa ardhi ya wanaume. Ni kutoka Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, ilikotokea kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliiamua kwa kutamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sheria ilisema hivyo, lakini vikao vya ukoo havikunyamaza. Nyumba ya mjane ikianguka, mashemeji hupata nafasi: ukuta haupo tena, sasa unakaa nini hapa? Msaada usioandika jina la mjane kama mwenye haki ya mahali pale unaweza kumfukuza haraka kuliko tetemeko. Chukua binti wa miaka kumi na minne anayelala chini ya turubai lisilo na mlango wala komeo. Hayo yote ni kazi ya ulinzi, na blanketi haliwezi kuifanya.

Uchungu wangu unazidi nikikumbuka kwamba dunia ilijifunza kazi hii kwenye udongo wetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji. Kagera iliwapokea, ikagawana nao maji, kuni na ardhi. Mafunzo na makosa ya dharura ile ya Rwanda ndiyo yaliyochochea mashirika ya misaada kuanzisha Mradi wa Sphere mwaka 1997, na katika viwango vyake kila mtu aliyepoteza makazi anastahili angalau mita za mraba 3.5 za kuishi zilizofunikwa. Mkoa uliosaidia dunia kujifunza kipimo hicho ulishuhudia raia wake wakikaa sita chini ya turubai moja, na hakuna aliyekuja na futi kamba. Mgeni aliyevuka mpaka alikuwa na shirika lenye jukumu juu yake. Mwenyeji aliyebomokewa hana shirika, kwa hiyo ana Serikali yake tu. Nayo ikimgeuzia kisogo, hana mwingine.

Yanayopaswa kufanyika yanajulikana. Kanuni za maafa ziweke kiwango cha ruzuku ya nyumba, kijulikane kabla ya janga, kilipwe kwa awamu na kwa ukaguzi. Fedha zipitie mifumo iliyopo: TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, imewafikishia ruzuku walengwa vijijini kwa miaka mingi, hivyo hatuanzi na karatasi tupu. Vyuo vya ufundi vya VETA vifundishe mafundi wa mitaani mkanda wa zege na namna ya kulifunga gebo. Orodha za msaada ziwaandike wapangaji, na jina la mjane litangulie la shemeji. Michango ya wananchi itangazwe mapato na matumizi hadharani, shilingi kwa shilingi. Na haya yasisubiri tetemeko. Ziwa Victoria lilipanda kupita kawaida mwaka 2020 likawahamisha watu wa mwambao na visiwani, na mto Kanoni hufurika ndani ya mji wa Bukoba kwenyewe. Wanaohama makwao ndani ya nchi yao wataongezeka.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma haya, hasa kama uko Kagera: mkutano wa mtaa au wa kijiji ujao, nyoosha mkono umuulize diwani wako swali moja, alijibu mbele ya watu na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Nyumba zetu zikianguka kesho, sheria inatupa nini, kiasi gani, na ndani ya siku ngapi? Akisema hakuna, mwambie alipeleke swali hilo halmashauri, na mbunge alipeleke Dodoma. Raia analipa kodi nyumba yake ikiwa imesimama. Ikianguka, taifa linamdai kidogo na yeye analidai zaidi, na deni hilo si hisani.